Tembo waliofiwa

Swali la msomaji: "Nimeona video fupi ya tembo wamesimama kwenye mifupa ya mwenzao. Mmoja alikuwa akiigusa kwa mguu, taratibu, na wengine wametulia kimya. Dada yangu anasema wanaomboleza. Mimi naona tunawavika wanyama hisia zetu wenyewe. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama kweli wanahisi, wale walioponea ujangili wanaishije baadaye? Wanasahau? Nasikia sehemu nyingi ujangili umepungua. Basi tuseme wameshapona?"

Nianze na dada yako, maana alichokiona kipo kweli. Tembo akikuta mifupa ya tembo mwenzake hapiti tu. Kundi lililokuwa linatembea huku likila hunyamaza ghafla. Aliye mbele hunyoosha mkonga, lakini hagusi mara moja. Ncha ya mkonga, ile yenye vidole viwili, huelea juu ya mfupa umbali wa kiganja hivi, ikinusa. Kisha hushuka, hufuata ukingo wa fuvu, huingia kwenye tundu la jicho, huzunguka pale ambapo pembe zilichomoza. Baada ya hapo mnyama anaweza kugeuka, akarudi kinyumenyume, na kwa unyayo wa mguu wa nyuma akaupapasa mfupa kama mtu anayetafuta kitu gizani na hataki kukiangusha. Jike mzima ana uzito wa tani tatu hivi. Mfupa hauvunjiki.

Jambo hili limepimwa. Amboseli, Kenya, ambako Cynthia Moss alianza kuwafuatilia tembo mmoja mmoja mwaka 1972, watafiti waliwawekea tembo fuvu la tembo, la nyati na la kifaru, wakakaa pembeni kuangalia. Tembo walishughulika zaidi na fuvu la tembo. Walipowekewa pembe, fuvu na kipande cha mti, pembe ndiyo iliyowavuta kuliko vyote. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, na katika jaribio la tatu la utafiti huohuo wewe nawe unapata haki yako. Familia zilizokuwa zimepoteza jike kiongozi ziliwekewa fuvu lake pamoja na mafuvu ya viongozi wa familia nyingine. Hazikuonyesha kulipendelea la kwao. Kwa hiyo tukisema kila tembo anayegusa mfupa anamlilia mama yake, tumekwenda mbali kuliko ushahidi. Anachokijua kwa hakika ni kwamba huyu alikuwa tembo, na jambo hilo kwake si dogo.

Mbele ya mwili ambao haujawa mifupa, mambo ni mazito zaidi. Oktoba 2003, kule Samburu, kaskazini mwa Kenya, jike kiongozi aliyeitwa Eleanor na watafiti alianguka jioni. Mkonga wake ulikuwa umevimba na alikuwa akiuburuta. Hakupigwa risasi, alikuwa mgonjwa. Aliyemfikia alikuwa Grace, kiongozi wa familia nyingine kabisa. Alikuja mbio, mkia juu, panja zikitiririka maji. Alimgusa Eleanor kwa mkonga na mguu, kisha akamwinua kwa pembe mpaka akasimama. Akamsukuma atembee. Eleanor akaanguka tena. Grace alibaki naye baada ya wengine kuondoka, akipiga kelele, akijaribu tena kumwinua huku giza likiingia. Eleanor alikufa kesho yake asubuhi. Siku zilizofuata familia tano tofauti zilifika kwenye mwili ule, nyingine hazikuwa na undugu naye hata kidogo. Ndama wake wa miezi sita alihangaika akitafuta pa kunyonya, hakuna jike aliyempa ziwa, na hakudumu zaidi ya miezi michache.

Mimi siwezi kuingia ndani ya kichwa cha Grace. Hakuna awezaye. Ila mwili una lugha yake. Nyuma ya jicho la tembo kuna tezi inayotoa majimaji anaposhtuka, anapofurahi kupita kiasi au anapopatwa na dhiki, na mstari mweusi wa unyevu shavuni unaonekana hata kwa mtu aliye ndani ya gari. Mavi yake yana homoni za msongo, na maabara huzipima bila mtu kumgusa mnyama. Tukiweka pamoja tabia, sauti, majimaji ya panja na homoni, kusema "ni silika tu" kunahitaji ujasiri mkubwa kuliko kukubali kwamba wameumia.

Neno "kuomboleza" linanipa tabu kidogo, kwa sababu linabeba matanga, sala na maneno. Lakini Kiswahili kina neno jingine linalofaa kuliko hilo: kufiwa. Kufiwa hakumtazami maiti, kunamtazama aliyebaki. Na tunapozungumzia ujangili karibu hesabu zote ni za maiti: mizoga mingapi, pembe ngapi, kilo ngapi zimekamatwa. Waliofiwa hawamo kwenye jedwali. Swali lako la pili linawahusu hao, na ndilo ninalolijali zaidi.

Ili uelewe wamepoteza nini, ni lazima ujue wanaishi na nani. Familia ya tembo ni ya kikeni. Kuna bibi, kuna mabinti zake, kuna mama wakubwa na mama wadogo, kuna wajukuu. Shangazi huwezi kumpata humo, kwa sababu madume wakishafika umri wa miaka kumi na minne hivi, wengine mapema zaidi, huondoka, na baba hakai na familia. Mimba ni miezi 22. Ndama hunyonya miaka minne au zaidi, na akipoteza mama kabla ya miaka miwili kwa kawaida hafiki popote. Mabinti wakubwa ambao bado hawajazaa hufanya kazi ya uyaya: wanamtoa ndama kwenye tope, wanamkimbilia akilia, wanamlinda akilala. Familia zenye undugu au urafiki wa zamani zikikutana baada ya kutengana hupokeana kwa vishindo, masikio yakipepea, mikonga ikipishana midomoni, huku zikinguruma.

Ngurumo hizo nyingi ziko chini mno kiasi kwamba sikio letu halizipati, lakini tembo husikiana nazo kilomita kadhaa. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Samburu na Amboseli uliochambua ngurumo 469. Ulionyesha kwamba tembo huwaita wenzao kwa sauti zinazofanana na majina. Tembo 17 walipigiwa rekodi, na kwa wastani waliijibu zaidi sauti iliyokusudiwa kwao kuliko iliyokusudiwa mwingine. Nilipousoma utafiti huo sikuufikiria ufundi wa kompyuta uliotumika kuchambua sauti. Nilifikiria familia inayotembea huku ikimwita mtu ambaye hatajibu.

Katikati ya familia yuko jike mzee. Sisi husema penye wazee haliharibiki neno, na kwa tembo jambo hili limepimwa. Amboseli, watafiti walipiga rekodi za simba wakinguruma. Familia zilizoongozwa na majike wenye miaka 60 na zaidi ndizo zilizotofautisha vyema dume la simba na jike lake, na ziliposikia dume zilijikusanya haraka, kwa sababu simba dume anaweza kumwangusha ndama hata akiwa peke yake. Familia za viongozi vijana zilichelewa kuiona tofauti hiyo.

Mfano ambao huwa siusahau ni wa Tarangire. Mwaka 1993 ukame ulikuwa mkali, na kati ya ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa, 16 walikufa ndani ya miezi tisa. Katika miaka ya kawaida ni wachache sana wanaokufa. Vifo hivyo havikugawanyika sawa. Koo mbili zilitoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho, ukoo mmoja ukabaki, na zaidi ya nusu ya vifo vilikuwa kwenye ukoo uliobaki. Katika koo zilizoondoka kulikuwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa 1958 hadi 1961. Ukoo uliobaki haukuwa na mzee wa namna hiyo, kwa kuwa ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa umewamaliza. Risasi iliyopigwa mwaka 1980 iliua ndama mwaka 1993, ndama ambao hata hawakuwa wamezaliwa ilipopigwa.

Majangili hawaui kwa kubahatisha. Pembe za tembo hukua maisha yote, kwa hiyo mwenye pembe kubwa ndiye mwenye umri. Wa kwanza kuanguka ni madume wazee, wakiisha wanafuata majike viongozi. Magonjwa na njaa kwa kawaida huanza na wadogo na dhaifu. Ujangili unakwenda kinyume: unaanza kwa wenye kujua njia.

Kinachofuata kimeonekana vizuri Mikumi. Kabla ya marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe mwaka 1989, tembo wa Mikumi walipigwa vibaya sana. Zaidi ya miaka kumi baada ya marufuku hiyo, Kathleen Gobush, Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Samuel Wasser walikusanya mavi ya tembo hao, wakapima homoni na kuangalia vinasaba ili kujua nani ni ndugu wa nani. Walikuta makundi ambayo majike wake wazima hawakuwa na undugu wa karibu. Hao walikuwa masazo ya familia mbalimbali waliookotana. Makundi yasiyo na jike mzee na yenye mshikamano dhaifu yalikuwa na homoni nyingi zaidi za msongo, na majike wake walizaa kidogo. Nakuomba utulie kidogo kwenye jambo hili. Bunduki zilikuwa zimenyamaza muda mrefu. Maji yalikuwepo, majani yalikuwepo. Bado miili yao ilikuwa haijatulia.

Kwa yatima, habari nyingi zinatoka Samburu, kwa sababu kule tembo wanajulikana mmoja mmoja tangu miaka ya 1990, kazi iliyoanzishwa na Iain Douglas-Hamilton na wenzake. Binti aliyepoteza mama na bibi wakati wa ujangili hukosa watu wazima wa kushikamana nao. Hujishikiza kwa mabinti wa rika lake, na wengine huhamia familia ambazo si zao. Huko hupokewa, lakini si kama mwenye nyumba. Hufukuzwa na kusukumwa zaidi kuliko watoto wenye mama, na kwenye malisho mazuri au maji husubiri zamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hata yatima waliokwisha kuacha kunyonya, wale ambao wengi tungesema "huyu kashakua, atajitegemea", walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wenye mama. Kwa hiyo hesabu ya mizoga yenyewe haijakamilika. Wapo waliokufa miaka mitatu au mitano baadaye bila alama ya risasi mwilini.

Madume vijana wana msiba wao. Nitachukua mfano wa Pilanesberg, Afrika Kusini, na niseme mapema kwamba hawa hawakufiwa kwa mkono wa majangili. Walifiwa kwa mkono wa serikali: tembo wazima wa hifadhi ya Kruger walipunguzwa kwa kupigwa risasi, na watoto waliobaki wakasafirishwa kwenda hifadhi mpya isiyokuwa na mzee hata mmoja. Kwa mtoto aliyesimama pale akiona, sijui tofauti ingekuwa nini. Walipobalehe, baadhi ya madume hao waliingia katika masti, ile hali ya dume kujaa homoni, panja kutiririka na hasira kuwa karibu, wakiwa na miaka 18 hivi, na kwa wengine ilidumu miezi. Kwa kawaida dume huanza masti akiwa na miaka 25 hadi 30, na mwanzoni huwa ya siku chache tu. Kati ya 1992 na 1997 waliua vifaru zaidi ya 40. Mwaka 1998 wahifadhi walileta madume sita wakubwa kutoka Kruger. Hawakuhitaji kufanya makubwa. Dume kijana aliye katika masti akisimamiwa na dume mkubwa kuliko yeye, masti yake hupoa, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Mauaji ya vifaru yalikoma.

Tembo hao wa Pilanesberg walipimwa tena baadaye kwa namna nyingine. Walipigiwa rekodi za sauti za tembo wanaowafahamu na wasiowafahamu, wa rika mbalimbali. Familia za Amboseli, zilizolelewa na bibi zao, zilijua wakati wa kujihami na wakati wa kutulia. Za Pilanesberg zilijibu ovyoovyo. Ilikuwa ni miongo kadhaa tangu wahamishwe. Kwa macho ya mtalii wale ni tembo wenye afya njema, wamenenepa, wana ndama. Walichokikosa hakionekani kwenye picha.

Umeuliza kama wanasahau. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tembo wanajua hata kutofautisha ung'ongo na ung'ongo. Amboseli, ambako vijana wa Kimasai wakati mwingine huwapiga tembo mikuki, tembo hukimbia zaidi wakinusa nguo iliyovaliwa na Mmasai kuliko iliyovaliwa na Mkamba. Halafu watafiti waliwarekodi watu wakisema sentensi moja tu, kwamba tazama, tembo wanakuja, kwa Kimasai na kwa Kikamba. Tembo waliposikia mwanamume wa Kimasai walijikusanya na kurudi nyuma. Waliposikia mwanamke wa Kimasai au mtoto wa kiume akisema maneno yaleyale, hofu ilipungua. Hawakimbii binadamu kwa jumla. Wanajua nani amewahi kuwaumiza.

Woga huu una gharama. Kola za kufuatilia mienendo walizovishwa tembo wa Laikipia na Samburu zilionyesha kwamba ujangili unapopanda, tembo huhamishia safari zao usiku na mchana hutulia. Ni akili, lakini usiku ndio saa za simba, na mwenye ndama mdogo anachagua kati ya hatari mbili kila jua likizama. Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliteketeza tembo tisa katika kila kumi, wengi wakiuawa kwa ajili ya nyama ya wapiganaji na pembe za kununulia silaha. Miaka mingi baada ya amani, majike waliookoka walijulikana kwa kuyavamia magari, na ndama waliozaliwa katika amani walijifunza hasira hiyo pembeni mwa mama zao. Hata miili ilibadilika. Majike wasio na pembe walikuwa chini ya mmoja katika watano kabla ya vita, baada ya vita wakawa nusu, kwa sababu wenye pembe ndio waliouawa. Wahenga walisema ndovu hashindwi na pembe zake. Sentensi hiyo sasa huwa ninaimeza kwa shida.

Najua wapo wasomaji ambao tembo aliyejaa woga si habari ya mbali kwao. Ameingia shambani, amevunja ghala, ameua mtu. Aliyefiwa na mtu kwa sababu ya tembo ana haki ya kukasirikia makala kama hii, na sitamwambia amhurumie mnyama kwanza. Ninachosema ni kwamba kundi lenye wazee wanaojua njia za zamani na wanaojua kukwepa watu ni jirani bora kuliko kundi la vijana waliookotana. Kule Makgadikgadi, Botswana, imeonekana kwamba madume wazee ndio hutangulia safarini, na kwamba wasipokuwepo vijana huwa wakali zaidi kwa magari, kwa mifugo na kwa wanyama wengine. Kumlinda dume mzee ni pamoja na kumlinda mkulima.

Sasa, je, wanapona? Ndiyo, kwa kiasi, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu habari za majeraha peke yake zingekudanganya. Samburu, baada ya majike viongozi wengi kufa kwa ukame wa 2009 na ujangili uliofuata, watafiti walitarajia mtandao mzima wa familia usambaratike. Haukusambaratika. Mabinti walichukua nafasi za mama zao. Aliyekuwa na mama mwenye marafiki wengi katika familia nyingine alizirudia familia zilezile, akasimama pale mama yake alipokuwa akisimama. Alikuwa ameiona kazi hiyo akiwa mdogo, na ilipomwangukia aliifanya. Utafiti mwingine wa hukohuko uligundua kwamba yatima wenye wenzao wengi wa rika moja katika kundi walikuwa na homoni chache za msongo. Rika halirudishi mama, lakini linapunguza uzito wa mzigo.

Daphne Sheldrick, aliyeanzisha kituo cha tembo yatima Nairobi, alijifunza jambo hili kwa machozi. Mmoja wa ndama wake wa mwanzo, Aisha, alimzoea Daphne peke yake. Mlezi huyo alipoondoka kwa siku chache kwa ajili ya harusi ya binti yake, ndama aliacha kula, akafa. Tangu hapo walezi hupokezana, ili mtoto aipende familia nzima na asimng'ang'anie mtu mmoja. Mlezi hulala na ndama chumba kimoja. Usiku mkonga hupanda kitandani kuhakikisha mtu yupo, na chupa ya maziwa hutolewa kila baada ya saa chache. Ndama aliyeletwa baada ya kuona mama yake akiuawa anaweza kukesha siku nyingi akilia na kugoma kula, na wanaomtuliza mara nyingi si watu bali yatima waliomtangulia, wanaomzunguka na kumwekea mikonga mgongoni. Wakikua wanahamishiwa Tsavo, wanajiunga na tembo wa porini kwa hiari yao, na baadhi ya majike wamerudi baadaye wakiwa na ndama wao, wakasimama karibu na walezi wa zamani ili wamwone.

Upande wa muda huwezi kuukwepa. Sensa ya 2009 ilikadiria tembo 109,051 Tanzania. Ya 2014 ilikadiria 43,330. Idadi inaweza kupanda, na ndama wanaweza kujaa tena kando ya mito, nami nitafurahi kama mtu mwingine yeyote. Lakini jike wa miaka 50 aliyepigwa risasi mwaka 2012 alizaliwa karibu na uhuru. Ndama jike aliyezaliwa mwaka 2014, akijaliwa maji, mama na bahati, atafika umri huo mwaka 2064. Hakuna fedha, doria wala teknolojia ya kuuharakisha mwaka hata mmoja kati ya hiyo. Kwa hiyo nikisikia hifadhi fulani imepona, swali langu la kwanza ni majike wangapi wamepita miaka 40, na madume wangapi wamepita 35. Pia nauliza kama njia zao za zamani za kwenda kwenye maji ya kiangazi bado ziko wazi, maana mzee anayekumbuka njia iliyofungwa kwa uzio hana pa kuwapeleka wajukuu.

Itazame tena video yako, safari hii pamoja na dada yako. Msianze na mifupa, anzeni na kundi. Tafuteni aliye mkubwa kuliko wote, mwenye panja zilizobonyea na masikio yaliyochanika kingo, na mwone kama yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkonga au wengine walimsubiri. Kama hamumwoni mzee wa namna hiyo, na wote wanafanana umri, wamesimama wamebanana bila kujua nani aanze kuondoka, basi huenda mnaitazama familia ambayo mifupa ile ilikuwa bibi yake. Halafu mtafuteni ndama. Mara nyingi yuko chini ya tumbo la mtu, na mkonga wake mdogo nao umenyooka, unajifunza kunusa.